Karani Aliyetazama Juu

Honorata, mama ntilie wa Kwala, hajui jina la mteja wake huyu. Kwake yeye ni karani tu, yule wa kuhesabu makontena bandari kavu, anayekuja saa saba mchana kula wali maharage na kukaa mwisho wa benchi, uso ukiuelekea uzio wa bandari. Ana vidole virefu vyenye madoa ya wino na sauti ya chini inayokulazimu uiname. Akishashiba hupotea. Macho huifuata kreni inavyoelea na mzigo wake juu ya vumbi, na mikono mapajani huanza kwenda polepole, wa kushoto ukivuta, wa kulia ukisukuma. “Mwanangu, umetuacha?” Honorata humtania. “Nipo, mama.” Lakini hayupo.

Siku moja bosi wake alimfuata pale pale. “Hongera. Jumatatu unahamia ofisini, karani mkuu.” Karani alimeza tonge taratibu. “Nashukuru, bosi. Ila naomba nikasomee kuendesha kreni.” Bosi alishangaa. “Utaanza chini kabisa, na ni miaka miwili!” “Nikikaa ofisini nitazeeka nikiitazama dirishani.” Hakupandisha sauti.

Mvua za masika zilikuja zikaenda mara mbili. Kisha mchana mmoja mlinzi wa getini alimwita Honorata. “Mama, karani wako yule juu!” Honorata aliweka mwiko chini, akatazama. Kontena lilikuwa likishuka kuelekea kwenye lori, jekundu, zito, bila haraka yoyote. Alisubiri kishindo. Hakikuja.