Gunia Lililonenepa

Jina lake la kuzaliwa alikuwa nalo, ila mtaani hakuna aliyelihitaji. Walimwita Mama Mabaki, kwa sababu alikuwa na ugonjwa mmoja: akiingia kwenye karakana ya mtu, macho yake yalikwenda chini ya meza kabla mdomo haujatoa salamu. "Mabaki yako unapeleka wapi?" Seremala mmoja aliwahi kumjibu, "Mama, ungeuliza kwanza kama nimeamka salama."

Kazi yake ilikuwa kuzungukia mafundi wadogo kwa niaba ya shirika fulani, akiwaonyesha kwamba anachotupa huyu kinaweza kuwa malighafi ya yule. Shirika lilimpa mchoro wa duara lenye mishale mitatu inayofukuzana. Aliutoa mara moja tu. Mtengeneza sabuni akautazama sana, kisha akauliza kama ni feni. Tangu siku hiyo mchoro ulikaa mkobani, naye akategemea mdomo na miguu.

Fahari yake ilikuwa mtaa mmoja mfupi. Upande huu alikuwepo wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani, ambaye kila Jumamosi alichoma vipande vya vitambaa nyuma ya duka, moshi ukiingia kwa majirani bila hodi. Upande wa pili alikuwepo fundi makochi, aliyekuwa akinunua sponji mpya ya kujazia mito. Miaka tisa walitazamana hivyo, mmoja akichoma alichohitaji mwenzake. Mama Mabaki akawakutanisha. Akaweka gunia chini ya meza ya kukatia, na kila Ijumaa gunia likavuka barabara. Moshi ukakoma. Akabandika karatasi ukutani kwa wifi, akawa anaandika uzito wa gunia kila wiki, na uzito ukipanda, alipiga makofi mbele ya wateja kama mtu aliyeona mtoto akisimama dede.

Gunia nalo likanenepa. Likazaa la pili. Mwezi wa tano yakawa matatu. Huko shirikani walifurahi mno. Bosi akapiga simu kusema Alhamisi angekuja na wageni na mpiga picha. Mkataba wa Mama Mabaki ulikuwa unaisha mwezi huohuo, na kila mtu alijua kipimo ni kimoja: mwenye magunia ndiye atakayebaki.

Jumanne alipita kwa fundi makochi kuyakagua. Fundi huyu alizungumza na misumari midogo mdomoni, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumeza hata mmoja, jambo lililowasikitisha baadhi ya wateja wake.

"Mama," alisema, akiinua kipande cha kitambaa cha kijani chenye maua, "haya ni mabaki ya nini? Ya harusi nzima?"

Mama Mabaki akakipokea. Kilikuwa kikubwa kuliko ilivyopasa. Akaingiza mkono gunia la kwanza, akatoa kingine, na kingine. Ushonaji alifundishwa na wifi yake huyohuyo alipoolewa, kwa hiyo alijua alichokuwa akitafuta. Akapiga magoti, akavitandaza sakafuni: mbele, nyuma, sketi, mkono mmoja. Mkono wa pili aliupata kwenye gunia la tatu. Gauni la mtoto wa miaka minne likawa limelala hapo, mikono wazi, kana kwamba linasubiri kubebwa.

Fundi makochi akatoa misumari mdomoni, jambo ambalo hakulifanya hata misibani. "Hili si la kujazia mto," alisema. "Hili ni la kuvaa."

Wifi yake alikuwa mwanamke aliyekata kola kwenye kipande cha mviringo wa kwapa na mifuko kwenye nafasi iliyo kati ya miguu ya suruali, kitambaa kisipotee. Watu walisema akishapanga karatasi zake za vipimo juu ya kitambaa, hata nzi hapati pa kutua. Mkono huo leo unatupa gauni zima?

"Ushauri wangu," fundi alisema taratibu, "nyamaza mpaka Ijumaa. Wageni waje, wapige picha, waende zao. Magunia yako yapo, kazi yako ipo, na mimi mito yangu imejaa. Nani ameumia?"

Ulikuwa ushauri mtamu, na kwa muda wa kuvuka barabara nzima Mama Mabaki alikuwa ameukubali. Kisha akafika mlangoni kwa wifi na gauni mkononi.

"Karibu, mke wetu!" wifi alisema bila kuinua kichwa, mkasi ukikimbia. "Umekuja kupima gunia? Safari hii uje na mkokoteni."

"Wifi, tangu lini unakata kitambaa kama mtu anayefukuzwa na mbwa?"

"Kazi nyingi, nakata haraka. Kwani kinapotea? Si kinavuka barabara?"

Mama Mabaki akalitandaza gauni juu ya meza. Mkasi ukasimama. Wifi akapitisha kidole penye shingo. "Kola ingekaa hapa," alisema kwa sauti ndogo. Halafu sauti ikapanda.

"Na wewe! Miaka ishirini nimebana vitambaa vya watu, nani alinipigia makofi? Nimejaza gunia, ukanipigia mbele ya wateja, ukaniandika ukutani kama mwanafunzi bora. Wiki moja likapungua, ukaniuliza, 'Wifi, vipi, unaumwa?' Nikasema basi, mke wetu anataka gunia, tumpe gunia!"

Ni kweli aliuliza kama anaumwa. Alikuwa hata amemletea ndimu.

Aliibandua karatasi ukutani, akaikunja mara nne.

"Bana kitambaa, wifi. Kama zamani."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi niachie mimi."

Alhamisi, dukani kwa wifi, wageni walikuta gunia moja limenyauka kama soksi. Magunia ya wiki za nyuma Mama Mabaki alikataa yasogezwe dukani, ingawa fundi makochi alijitolea kuyabeba mwenyewe. Bosi akatabasamu kwa wageni na kumnong'oneza yeye: "Mzigo uko wapi?"

"Tazama mezani, mkuu, si chini ya meza."

Wifi alitandaza kitambaa, akapanga karatasi zake, akageuza moja kichwa chini, akasogeza nyingine upana wa ukucha, akachora chaki, akakata. Yalitoka magauni mawili na mkono wa akiba. Kilichobaki kilienea viganjani. Mgeni mmoja alipiga makofi, akaangalia huku na huku, akaacha.

Bosi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu. Akaifungua. "Hapa pameandikwa mabaki yaliyookolewa, kwa kilo. Niandike nini?"

"Andika hayakuzaliwa."

"Hakuna nafasi ya hayakuzaliwa."

Mama Mabaki akaomba kalamu. Akachora kisanduku pembeni mwa fomu, kimepinda kidogo, akaandika humo: *Vitambaa vilivyobaki kuwa nguo.* Bosi alikitazama kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Fomu akaondoka nayo hivyohivyo.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Kazi ya mtaa ule imefungwa, kwa kuwa matokeo yameshuka. Yeye ameongezewa miezi sita, ila ahamie upande wa maseremala, penye mabaki ya kuridhisha.

"Yaani umeadhibiwa au umepandishwa?" wifi aliuliza.

"Hata wao hawajui, wifi."

Upande wa pili fundi makochi alipiga chafya. Alikuwa amekosa vipande, sasa anafumua makochi makuukuu ya wateja na kuchambua pamba ya ndani ili itumike tena, akilalamika kwamba uaminifu wa wanawake wawili utamuua kwa vumbi. Ukutani kwa wifi, palipokuwa na karatasi, palining'inia gauni la kijani lenye maunganisho mengi kuliko ilivyohitajika, na kola ya rangi nyingine.

Jumatatu Mama Mabaki aliingia karakana ya seremala wa kwanza. Chini ya meza kulikuwa na rundo la vipande vya mbao linalofika magotini. Macho yalikwenda hukohuko, kama kawaida. Mdomo ukafunguka. Akaufunga.

"Hujambo, fundi," alisema, akivuta kigoda. "Mimi sina haraka. Endelea na kazi, nikuone unavyokata."