Mwiko wa Siku Saba

"Mwalimu, kwa nini mashujaa hawapendi?"

Aliyeniuliza alikuwa msichana wa kidato cha tatu, shuleni kwetu Nachingwea, na darasa zima likaangua kicheko. Nilikuwa nimetoka kuwasomea sura ya hadithi niliyokuwa nikiiandika mwenyewe kwenye kaunta buku. Mwindaji anaokoa kijiji kizima, msichana wa kisimani anampa maji, yeye anakunywa, anashukuru, anaondoka. Hiyo ilikuwa mara ya nne anaondoka. Nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua: shujaa akipenda, adui anapata pa kumshikia. Tena shujaa ni wa watu wote, hawezi kuwa wa mtu mmoja. Wakaandika kwenye madaftari yao, maskini, kama kitu cha kuja kwenye mtihani.

Sikuwaambia kwamba jibu lile nilipewa na mchumba wangu kwa simu.

Mchumba wangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu kule Namungo, wilaya ya Ruangwa. Mshenga alileta barua ya posa nyumbani, mama akaipokea, wajomba wakala kuku wakasema binti yetu amepata mtu. Mwezi uliofuata akanipigia: wanafungua duara jipya, ndivyo wanavyoita shimo la kuchimbia, na mganga amewawekea mwiko. Wasimguse mwanamke, wala mwanamke asisogee karibu na shimo, la sivyo mali itakimbia. "Vumilia, mpenzi," alisema. "Mwanamume mwenye kazi nzito hashiki mambo mawili. Akipenda tu, amekwisha." Nami, mjinga niliyesoma, nikaona fahari. Loo, nikasema, mimi nimepata shujaa! Wiki ile ile nikaanza kumwandika yule mwindaji.

Tukaokota korosho misimu mitatu. Simu za kila siku zikawa za kila Jumapili, za kila Jumapili zikawa za sikukuu. Nikiuliza habari ya ndoa, ananiambia mwamba bado haujatoa. Subira yavuta heri, nami nilivuta mpaka viganja vikachubuka. Wenzangu walioposwa baada yangu wakaolewa, wakaanza kuleta watoto wachanga shuleni kutuonyesha, nami ndiye niliyewapakata.

Rafiki yangu, mwalimu wa hesabu, alilisoma kaunta buku langu ofisini siku moja, akalitupa mezani.

"Dada, huyu shujaa wako ni mzima kweli?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki," akasema. "Huyo wako wa Namungo, umemsikia lini akikohoa?"

Nilimnunia siku mbili nzima. Nilimwambia ana wivu kwa sababu mumewe ni mlevi. Mungu anisamehe, mdomo huu!

Mwishowe mama ndiye aliyechoka. "Mwanangu," akasema, "wajomba zako wanataka kuirudisha ile barua. Nenda ukamwulize mwenyewe: anakuoa au hakuoi. Hilo tu, mengine sitaki." Basi Jumamosi nikaamka mapema, nikapika kuku, nikafunga sufuria kwa kitambaa, nikapanda Noah ya abiria mpaka Ruangwa mjini na kutoka pale nikachukua bodaboda. Nilipanga nisimame mbali, nimpigie simu aje barabarani, ili nisije nikaikimbiza mali yake. Hata siku ile nilikuwa bado namlindia mwiko wake.

Nilipofika machimboni nikakuta wanawake kila mahali. Mama lishe amepanga masufuria yake hatua chache tu kutoka kwenye mashimo. Wasichana wanaosha mchanga kwenye makarai, wanacheka na wachimbaji, mwingine amebeba mtoto mgongoni. Nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa amekaa anasuka kamba, nikamwamkia, nikamwuliza kama wanawake hawa hawaogopi mwiko.

"Mwiko upi, binti?"

"Wa duara. Wa kukaa mbali na wanawake."

"Ah, huo!" Mzee akacheka. "Huo ni siku saba. Siku saba kabla ya kufungua shimo. Ya nane kila mtu yuko kwa mkewe. Ungekuwa wa miaka, nani angechimba hapa?"

Akaniuliza namtafuta nani. Nikamtajia jina, halijui, basi nikamweleza: mrefu, ana kovu la shoka kwenye goti, katokea Nachingwea.

"Aa, Padri! Sisi tunamwita Padri. Haendi popote, hana mwanamke, siku za mapumziko analala tu. Mtu mwema sana. Wewe ni dada yake?"

Nikasema ndiyo.

Laiti ningemkuta na mwanamke! Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, na matusi nilikuwa nayo ya kutosha. Lakini hapakuwa na mtu wa kumtukana. Alikuwa na nafasi yote duniani ya kunipenda, na hakunipenda. Nikamkumbuka mwindaji wangu pale pale. Hakuna adui aliyekuwa anamvizia kisimani, wala hakuna kijiji kilichomkataza. Mimi ndiye niliyemwondoa kila sura, kwa sababu sikujua mwanamume anayebaki husema nini. Na yule msichana mwenye maji sikumpa hata sentensi moja ya kuuliza.

Punde mchumba wangu akapanda kutoka shimoni kwa kamba, vumbi mpaka kwenye kope. Aliponiona hakushtuka. Alijipangusa uso taratibu, kama mtu anayetafuta muda.

"Mwiko ni siku saba," nikamwambia.

"Nilifikiri umeshaelewa, mwalimu."

Mwalimu! Nilikuwa mpenzi, leo nimekuwa mwalimu.

"Nimeelewa nini? Sema wewe."

Akasema, akiangalia buti zake, "Moyo ulikataa. Tangu ile barua. Mama yangu ndiye aliyekutaka."

"Miaka mitatu! Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

Mtu anayeshuka chini ya ardhi kila siku kwa kamba, gizani, udongo ukimdondokea kichwani!

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa utalia."

Basi nikalia. Nililia pale pale, mchana kweupe, sufuria ya kuku mkononi, mbele ya mama lishe na wachimbaji na yule mzee wa kamba, kwa sauti, mpaka nikamaliza. Yeye alisimama akaniangalia. Hakuna aliyekufa.