Kaboni za Mbithe

Mbithe wa mtaa wa Jericho alikuwa mpiga taipu hodari katika ofisi ya baraza la jiji, na mkubwa wake, Bwana Maingi, alimpendea jambo moja: hakuwa na maswali. Tenda, yaani zabuni, za ofisi ile zilifunguliwa faraghani, kisha Mbithe akaletewa jina la mshindi. Mwaka wa tisini na sita jina lilikuwa la shemeji yake Maingi, mtu asiyejua kushika randa, naye akapewa kazi ya madawati ya shule za mtaani. Barua ya kumpa kazi hiyo ilipigwa siku mbili kabla ya muda wa maombi kufungwa. Mbithe aliliona hilo, akaipeleka kutiwa sahihi.

Muhula wa pili dawati moja kati ya hayo lilivunjika, likamwangukia binti yake Mbithe, Mbinya, na kumvunja mkono. Mfupa wa mkono uliunga vibaya. Kiwiko hakikunyooka tena.

“Ajali ni kazi ya Mungu, Mama Mbinya,” Maingi akamwambia.

“Ni kweli, mkubwa.”

Jioni hiyo Mbithe alichakura droo ya ofisini, akaitoa karatasi ya kaboni iliyonakili barua ya madawati. Kaboni iliyotumika mara moja husomeka ukiiinua kwenye mwanga. Akaificha, na kila barua ya tenda iliyofuata akaificha kaboni yake. Mwaka mzima alimpelekea Maingi chai, akimwitikia kwa upole, huku chuki ikimwivia moyoni.

Ndipo wabunge fulani wakaja ukumbi wa mtaa kusikiliza maoni juu ya mswada uliotaka tenda zote zifunguliwe mbele ya waombaji. Maingi alikwenda kuupinga.

“Hatuna la kuficha,” akasema.

Mbithe akasimama nyuma, akainua kaboni dirishani, akasoma: kazi, jina, tarehe. Jina la shemeji alilisoma mara mbili, polepole, akimkazia Maingi macho.

“Mama Mbinya, kaa chini.”

“Umenikalisha miaka kumi. Leo nasimama.”

Akasoma zote. Maingi alitoka jasho hadi kola ikalowa, na Mbithe akaona raha ambayo hakuiungama kanisani.

Maingi alifutwa kazi. Mbithe naye alifutwa, na mswada ukakwama bungeni. Akaweka taipureta yake kibarazani Jericho, akawaandikia watu barua.

Siku moja walikutana soko la Burma, kwenye foleni ya nyama.

“Tusameheane, mama,” Maingi akasema.

“Muombe Mbinya,” Mbithe akajibu, akamgeukia muuza nyama na kuagiza nusu kilo ya mbavu.