Hodi Baada ya Kuingia

Juzi dukani kwa muuza dawa, Kilifi, simu ya mama aliyekuwa mbele yangu iliita. Aliweka sauti ya nje, sote tukasikia.

"Shikamoo mwalimu. Mie mwandishi wa habari. Hongera kwa kuteuliwa mkuu wa shule. Uliwahi kuandika mtandaoni kwamba walimu wote ni wajinga. Wasemaje?"

"Marahaba. Nilikuwa kidato cha pili, mwanangu. Umelieleza hilo?"

"Nafasi haikutosha."

"Kwani habari ishatoka?"

"Tangu asubuhi."

Mama alijifunika uso kwa leso.

Kwetu mtu hupiga hodi, asipoitikiwa hurudi alikotoka. Huyu kapiga hodi yumo chumbani, keshapekua sanduku, keshaanika ya utotoni barabarani. Na bado akaamkia!

Ati nafasi haikutosha. Gazeti nimelinunua: picha ya mama yule imekula nusu ukurasa.