Mashine Haikubaligi
Kwenye duka la kuchapisha pale Nyasho, mama mmoja wa Butiama alileta wimbo wa kilugha, utakaoimbwa kesho kwenye maziko ya mama yake. Dada wa kompyuta akaandika amri moja, maneno yote yakawa herufi kubwa, isipokuwa zile i za lugha ya mama huyo, zenye mkato katikati (ɨ). Zikabaki ndogo.

"Mashine haikubaligi, mama."

"Imekataa, au hamjaiambia?"

Dada akashusha pumzi. Akabadili mpangilio wa lugha, uliokuwa unajua herufi za Kiingereza tu, akarudia amri ileile. Zote zikanyanyuka.

Mimi, niliyekuwa nasubiri zamu yangu pale, nimezunguka ofisi nyingi nikiambiwa mfumo umekataa. Kila mara nimesema "Asante," nikarudi nyumbani.