Boliti Mbili za Ekseli ya Mbele

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi. Mvua ilinyesha hadi alfajiri, ikakata ghafla, na kufikia saa nne mabati ya karakana yalikuwa yanafuka mvuke kama kifuniko cha sufuria.

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kwingine kote aliitwa Patasi, kwa sababu ya ulimi wake, na pia kwa sababu mume wake alipomnyanyulia mkono mara ya kwanza, hapakuwa na mara ya pili, na baada ya mwezi hapakuwa na mume. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu la moto kutoka kifundo hadi kiwiko. Ufundi alifundishwa na baba yake, mtu mpole asiyepiga watoto, aliyekuwa akiwaambia kwamba hasira zote zimalizikie kwenye chuma.

Baba huyo aliuawa na trekta lake mwenyewe miaka kumi na mmoja iliyopita. Alikuwa akishuka mteremko wa machimbo na trela la mawe. Ekseli ya mbele ya trekta lile, mhimili wa magurudumu, ilishikwa kwenye injini kwa boliti nne. Mbili zilikatika, ekseli ikajikunja chini, mawe yakasukuma kwa nyuma, trekta likapinduka na kumlalia. Mdomo hauna kodi: watu wakasema mzee alikuwa akikimbiza. Trekta likaburutwa hadi nyuma ya karakana, likafunikwa turubali.

Patasi alitaka jambo moja tu. Alitaka kulishusha trekta lile kwenye mteremko ule ule, mchana kweupe, yeye akiwa usukanini, waliomsema baba yake waone kwa macho. Lakini ekseli haiwezi kurudi mahali pake kama vipande vya boliti zile mbili vimebaki ndani ya bloki ya injini, vimekatika sawasawa na uso wa chuma, vimeoza kwa kutu. Ukikosea ukapasua bloki, umezika trekta pia.

Kwa siku tisa alivinywesha dizeli iliyochanganywa na oili ya gia, na kila asubuhi alivigonga kwa tindo na nyundo ndogo, mapigo hamsini kila kimoja. Jumanne ile akaanza vita yenyewe. Aliweka nati juu ya kipande cha kwanza, akaingiza kijiti cha kuchomelea katikati ya tundu na kukiyeyushia humo hadi nati na boliti vikawa kitu kimoja. Cheche zilimrukia shingoni, akatukana, akaendelea. Chuma kilipogeuka kutoka wekundu kuwa weusi, alikigusa kwa mshumaa ili kulainisha kutu. Nta ikafyonzwa ndani kwa mlio wa kukaanga.

Akaweka spana, akavuta. Nati ikang'oka, vifundo vya vidole vikagonga bloki, ngozi ikabaki pale.

"Haya," akaliambia trekta. "Wewe moja, mimi bado."

Nati ya pili nayo iling'oka. Ya tatu ilishika. Alivuta kwa mkono, akaongeza kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili kupata nguvu, akaegemeza kifua chote. Tak! Mlio kama wa mfupa. Alidhani imekatika tena, kumbe imetii. Akairudisha robo, akaivuta nusu, robo, nusu, vumbi jekundu likimwagika, hadi saa kumi kasoro ilipomdondokea kiganjani, ingali na moto.

Aliifuta na kuishika kwenye mwanga. Karibu na pale ilipokatika, boliti ilikuwa imekonda kama shingo ya chupa, na nyuzi zake zilikuwa zimeachana. Boliti iliyochoka kwa uzee haikondi, hupasuka taratibu ikiwa na unene wake. Hii ilivutwa. Mtu aliikaza kupita kiasi, kwa bomba.

Baba yake asingefanya hivyo. Sheria yake ya kwanza katika karakana ilikuwa hii: bomba ni la kufungulia, kufunga ni kwa mkono. Aliyeonekana akifunga kwa bomba alipewa ufagio wiki nzima.

Alikuwa bado ameishika mlango ulipogongwa ukutani. Aliingia mdogo wake wa kiume, mwokaji mikate wa mtaa wa pili aliyeacha ufundi tangu msiba wa baba, unga ukiwa bado kwenye nyusi. Mkononi alikuwa na nyundo ya kuvunjia mawe.

"Toka hapo, dada."

"Siku hizi mikate mnaipasua kwa nyundo?"

"Sina utani na wewe. Mama kaniambia umeanza kuchokonoa boliti. Hili dude lilimla baba, wewe unalipaka mafuta kama mtoto mchanga! Leo nalimaliza."

"Umalize usichokianza? Ulilitengeneza wewe?"

Mdogo wake alimsukuma kwa bega, Patasi akaangukia pipa la mafuta, na nyundo ikashuka. Feni ikasagika. Pigo la pili likakwaruza uso wa bloki, vipande vya chuma vikaruka kama risasi, kimoja kikamchana Patasi juu ya jicho. Damu ilimfumba jicho moja. Kwa lile lililobaki aliona jambo. Mdogo wake hakupiga tairi, hakupiga usukani, hakupiga kiti alichokalia baba. Alipiga pale pale, kwenye kipande cha pili kilichobaki ndani.

"Ni wewe uliyefunga," akasema.

Nyundo ikapanda tena. Patasi alilichomoa bomba kwenye spana na kulizungusha kwa mikono miwili. Lilimpata kwenye mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Ulikunjika mahali pasipo na kiungo. Nyundo ikaanguka, naye akaangukia magoti.

"Ni wewe!"

"Mzee aliniambia nikaze kwa mkono," akasema akitweta, mkono ameukumbatia. "Nilikuwa na haraka, dada. Rafiki yangu alikuwa anaoa. Nikaweka bomba. Ya pili... nilisikia ikilainika. Inakuwa ngumu, ngumu, halafu inalainika kama unga. Nikajua nimeiua. Nikasema nitaibadilisha kesho."

"Na kesho?"

"Kesho tulizika."

Patasi alimpiga teke la kifua. Alipolala chali alimkalia, akampiga ngumi za uso, moja kwa kila neno: "Miaka! Kumi! Na! Mmoja! Watu wanamtukana baba!" Mdogo wake hakujikinga hata kwa ule mkono mzima. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akaliokota bomba, akalinyanyua juu ya kichwa cha mdogo wake, na safari hii hakulenga mkono.

"Lishushe tu," ilisikika sauti mlangoni. "Nimeshamzika mmoja kwa ajili ya hilo trekta. Nizikieni na wa pili, halafu wewe wakufunge, nibaki na kuku."

Mama alikuwa amesimama hapo, mwiko mkononi. Alikuwa amesikia ya kutosha, uso wake ulionyesha. Patasi alilitupa bomba pembeni. Mama alikuja hadi kwa mwanawe wa kiume, akainama, akamzaba vibao vitatu kwenye shavu lililokuwa limeshavimba, kwa nguvu zake zote za miaka sabini na sita. Kisha akatazama huku na huku.

"Nitafutieni vipande viwili vya mbao, vifupi. Na kitambaa safi, kama kipo kwenye tundu hili."

Chumba cha picha za mifupa hospitalini hufungwa saa tisa, kwa hiyo mkono ulifungwa kwa mbao za kreti hadi kesho yake. Mama alimshona Patasi nyusi nyuzi mbili kwa sindano aliyoipitisha kwenye moto, na hakumpa pole.

Asubuhi Patasi alimpeleka mdogo wake hospitali, akisukuma baiskeli na yeye amekaa nyuma. Karani, dada mwenye kalamu sikioni, alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Kaumiaje?"

"Nilianguka," mdogo wake akasema haraka.

"Hakuanguka," akasema Patasi. "Nilimpiga mimi. Dada yake. Kwa bomba la chuma. Andika hivyo."

"Mama, nikiandika hivyo polisi watataka maelezo," akasema karani.

"Waje. Na sisi tuna mengine ya kuwaeleza, ya zamani." Akamgeukia mdogo wake. "Au nimesema uongo?"

Mdogo wake aliutazama mkono wake. "Andika," akamwambia karani.

Walipomwingiza kwenye chumba cha picha, Patasi aliketi kwenye benchi la ukumbini, vifundo vyake vikivuja damu kidogo kidogo, akawangoja polisi.