Jioni Ploti Nzima Ilipozima Koili

Enzi zetu, na msinicheke kwa sababu niko kidato cha tatu, mtoto alikuwa mtoto. Ninyi wa rika langu mnanielewa. Hawa wa gredi ya nne siku hizi wakiishiwa na bando wanalia kama waliofiwa. Sisi tulicheza bano na kati mpaka vumbi la mtaa wetu wa Rhonda likatupaka miguu yote rangi moja. Tulikula ngumu, zile mandazi ambazo ukimrushia mbwa anakimbia, na hatukuugua tumbo. Ila kuna jioni moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nabaki mdomo wazi.

Ploti yetu ilikuwa na vyumba vya mabati vilivyotazamana, mfereji wa kuchotea maji katikati, choo mwisho, na mita moja ya stima ya watu wote. Msimamizi tulimwita Mzee Kufuli kwa sababu ya rundo la kufuli lililoning'inia kiunoni mwake. Alikuwa ameandika sheria ukutani kwa rangi nyekundu: taa, redio na TV pekee. Pasi hapana. Koili, lile jiko la stima la waya uliojikunja, hapana. Friji hapana. Ukishikwa, anakukatia waya na mwisho wa mwezi unahama. Mimi nilikuwa mwoga hata wa watu wapole, sasa huyu je? Nikimkuta mferejini nilirudi nyumbani na ndoo tupu.

Na sisi tulikuwa na friji.

Ilikuwa ndogo, ya mitumba, na haikuwa ya soda. Ilikuwa ya dawa ya Shosho, nyanya yangu, mama yake Mama. Shosho alikuwa na ugonjwa wa sukari, anadungwa sindano kila siku, na nesi alisema hizo chupa zikae baridi. Zile za kwanza ziliharibikia ndani ya chumba chetu, joto la mabati likazimaliza, na asubuhi moja tukamwita Shosho asiitike. Alikaa hospitali mpaka nikasahau sauti yake. Mama aliporudi naye alikuwa ameamua. Alimwogopa Mzee Kufuli, lakini ile asubuhi aliiogopa zaidi.

Kwa hivyo friji ikaingia ikiwa imefungwa kwa godoro, ikafunikwa shuka na vitambaa vya kufuma, juu yake thamosi na Biblia. Mama akanishika masikio yote mawili akaniuliza hii ni nini. Nikasema ni kabati. Akaniuliza tena. Nikasema kabati. Redio ilikuwa haizimwi kwetu, ndiyo mngurumo usisikike nje. Hata hivyo Brayo, kijana wa chumba cha pili, alinipata tukicheza akaniambia, "Shiro, kabati yenu inakoroma kushinda nyanya yangu." Nikapiga bano langu kama sijasikia. Kuficha nilikuwa najua.

Halafu makaa yakaadimika, na ni Januari, jua linachoma mabati. Siku moja friji ikakataa kuwaka. Ilikuwa inafanya ngrrr, kama mtu anajaribu kuinua gunia, halafu tik, kimya. Inapumzika, ngrrr, tik. Asubuhi hivyo, usiku hivyo. Mama aliweka chupa kwa bakuli chini ya kitanda, amezifunga kwa kitambaa chenye maji, na kila mara alikuwa akiinama kuzigusa. Zikiharibika, hakukuwa na zingine mpaka kliniki ijayo.

Fundi Oti aliletwa na vyombo vyake vimefichwa kwa gunia la sukuma wiki. Hilo lilikuwa wazo la Mama. Langoni Mzee Kufuli alitaka kununua fungu moja, na fundi akamwambia yote ni oda ya watu. Aliingia akicheka peke yake. Akavuta friji kutoka ukutani, akagusa kompresa, ile chupa nyeusi ya chuma inayonguruma, akatoa mkono haraka kwa vile ilikuwa moto. Akabadilisha kile kidude cha kuiamsha. Ngrrr, tik. Akajaribu tena, akafuta jasho, akasema pole mathe, kompresa imekufa, tafuta ingine. Mama aliinama chini ya kitanda akagusa zile chupa tena.

Ndipo Shosho akaongea kutoka kitandani. "Na hiyo taa mbona imekuwa nyekundu? Mimi nilidhani ni macho yangu yanaisha."

Fundi akatazama juu. Kweli balbu ilikuwa kama kaa linalozimika. Sisi tulikuwa tumeizoea. Akachukua kipimo chake, akakiweka kwa soketi, akatikisa kichwa. Kompresa haikuwa imekufa. Stima iliyotufikia haikuwa na nguvu ya kuiamsha, kwa sababu kuna watu wanaivuta na vitu vikubwa. Na tukiendelea kuijaribu hivyo, itaungua kweli.

Mama alikataa kabisa. "Hapa hakuna mtu ana koili," alimwambia. "Ni sheria." Fundi akamwonyesha ile balbu kwa kidole. Nadhani Mama aliamini kwa moyo wote kwamba wenye dhambi kwa hiyo ploti tulikuwa sisi peke yetu.

Mama akaangalia bakuli, akajifunga leso. Nikajua anaenda wapi, nikamfuata mpaka mlangoni. Alisimama kando ya mfereji, watu wakiwa nje wanaanua nguo, Mzee Kufuli mwenyewe kwa kiti chake cha plastiki. Mama hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Majirani, mimi niko na friji," alisema. "Ni ya dawa ya mama. Haiwaki kwa sababu stima ni kidogo. Kama kuna mtu ameweka kitu kwa soketi, naomba azime. Kesho mnifukuze, lakini leo azime."

Nilishtuka mpaka nikashika mlango. Kuku tu ndio walikuwa wanaongea.

Mama Brayo ndiye alianza. Alisema ana maharagwe kwa koili tangu mchana, tena alisema akitazama chini. Akaingia kwake. Ndani ya chumba chetu, balbu ikapanda kidogo. Kisha mlango mwingine, na mwingine. Watu wazima, wa kwaya, wa chama, waliokuwa wakituambia kila siku tutii sheria, walikuwa wanaingia mmoja mmoja bila kutazamana, na kila mmoja akizima, taa yetu inang'aa zaidi. Mimi nilikuwa nahesabu uongo wa ploti nzima kwa balbu.

Fundi akaijaribu. Ngrrr, ngrrr, tik. Bado.

Watu wakarudi nje. Hakuna aliyemtaja mtu, ila macho yote yalikwenda kwa kile kiti cha plastiki. Mzee Kufuli aliangalia kufuli zake kwa muda. Akainuka polepole, akaingia kwake, na balbu yetu ikaruka ikawa nyeupe mpaka nikafumba macho. Nyuma yangu friji ikanguruma, ikashika, haikuachilia.

Alitoka na sufuria kubwa ya githeri, mahindi na maharagwe ambayo mke wake alikuwa akiuza steji ya matatu. Akaishikilia mbele yetu sote kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Nani ana makaa?" aliuliza.

Mama Brayo alikuwa na kidogo. Usiku huo ploti nzima ilipika kwa jiko moja uani, na redio yetu ikazimwa ili watu wasikie friji. Nilikuwa sijawahi kuona watu wakisikiliza friji. Shosho aliletwa nje kwa kiti, akapewa sahani ya kwanza, akasema githeri ni ngumu. Hakuna aliyehama mwisho wa mwezi. Ile rangi nyekundu ilibaki ukutani, lakini watu walianza kupika kwa zamu, na mtoto angetumwa kubisha mlango: friji ya Shosho inataka kuwaka.

Sasa tunaishi nyumba ya ghorofa. Kila mlango una mita yake, kila mtu na tokeni zake za stima, na unaweza kuweka koili, pasi na friji kwa pamoja bila mtu kukuuliza. Shosho bado anadungwa sindano kila asubuhi, na bado analalamika. Mwezi uliopita taa yetu ilififia jioni, ikawa nyekundu kama ile ya zamani. Mama alifungua mlango akachungulia korido. Milango yote ilikuwa imefungwa, na kila mmoja una kufuli. Tumekaa hapa miaka na hatujui jina la mtu hata mmoja wa kubishia mlango.